Kawaida ni ya Nani?

Sijui kama lipo neno katika Kiswahili chetu linalobeba mizigo mingi kuliko neno "kawaida". Tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni msingi na kanuni, yaani kitu ambacho juu yake kitu kingine hujengwa. Lakini sisi tumelitanua. Kiongozi akisimama jukwaani akamtaja mwananchi wa kawaida, sote tunaelewa kwamba anamsema mtu asiye na cheo, asiye na gari, na ambaye pengine hana hata jozi ya pili ya viatu. Mama akisema mtoto wake ana homa ya kawaida, anamaanisha homa aliyoizoea, wala hasemi kwamba homa ni jambo jema. Na daktari akitazama karatasi akasema, "Kawaida, Mzee," basi mtu hushusha pumzi, hufunga vifungo vya shati lake na kurudi nyumbani akiwa mwepesi. Neno ni lile lile. Mara ni lililozoeleka, mara ni la katikati, mara ni lililo salama. Swali ambalo ningependa tulifikiri, ndugu msomaji, ni kama mambo hayo matatu ni kitu kimoja. Na kama si kitu kimoja, ni nani mwenye ruhusa ya kuyachanganya anapousema mwili wa mtu mwingine.

Kilichonifikisha hapa ni mshipa. Moyoni hutoka mshipa mkubwa kuliko yote mwilini, ambao wataalamu huuita aota. Hupanda kidogo, hujikunja kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka kifuani, hupita nyuma ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na kuendelea mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na usawa wa kitovu. Hapo hugawanyika matawi mawili, moja kwa kila mguu. Njiani hutoa matawi ya kulisha ini, matumbo na mafigo, na kwa sababu hiyo huwa mwembamba kadiri unavyoshuka, mithili ya mfereji wa shamba la zabibu unaopunguziwa maji na kila tuta. Kwa mwanamume mzima, chini ya mafigo, upana wake ni karibu sentimita 2. Kwa mwanamke hupungua kwa milimita mbili au tatu hivi.

Nasema "karibu" kwa makusudi. Upana huo hufuata umbo: mtu mrefu mwenye mwili mkubwa ana mshipa mpana kuliko mtu mfupi mwembamba. Hufuata umri pia, kwa maana nyuzi za kuvutika zilizomo katika ukuta wa mshipa huchoka na kukatika, na tangu ujana hadi uzee mshipa hutanuka kwa karibu robo ya upana wake, pengine zaidi kidogo. Sigara huutanua kuliko karibu jambo jingine lolote ambalo mtu hujifanyia mwenyewe. Shinikizo la damu lina sehemu yake, na nasaba ya mtu ina yake. Kisukari, jambo la ajabu, huonekana kuuzuia usivimbe, ingawa huiharibu mishipa mingine kwa namna nyingi. Tena mshipa haukai mahali pamoja hata kwa dakika moja: kila moyo unapopiga hutanuka kidogo na kurudi.

Rafiki yangu mmoja wa hapa Buigiri alisoma katika shule ya wasioona iliyofunguliwa hapa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Macho yake yaliharibiwa na surua kabla hajajua hata kutembea vizuri. Ni mtu mwembamba sana, mwembamba wa kuzaliwa, si wa njaa. Usiku mmoja, akiwa amelala chali, aligundua kitu kinapiga tumboni mwake juu ya kitovu. Akanyamaza nalo wiki nzima. Alipolisema, walikuja watu wenye majibu yao: mmoja alisema ni mchango, mwingine alisema amerushiwa kitu na jirani anayegombania naye mpaka wa shamba. Yeye mwenyewe, ambaye vidole vyake vimesoma vitabu vizima vya nukta nundu, aliamua kukichunguza. Aliweka vidole vya mkono mmoja upande huu na vya mkono mwingine upande ule, akasubiri. Aliniambia, "Mwalimu, kina upana wa vidole viwili visivyobanana, na kinapiga pamoja na moyo wangu. Si mdudu huyu. Mdudu angekuwa na saa zake."

Nilimsindikiza mjini. Mashine ya altrasaundi, ambayo huona kwa mwangwi wa sauti tusiyoweza kuisikia, ilitoa sentimita 1.9. Kwa mtu mwembamba, mapigo ya aota huweza kuguswa kwa vidole na hata kuonekana kwa macho, na mshipa ukawa mzima kabisa. Daktari aliyempima alifurahi sana aliposikia jinsi mgonjwa alivyojipima, kwa sababu ndivyo hasa madaktari wanavyofundishwa: mikono miwili, huku na huku, ili wahisi kama vidole vinasukumwa juu tu au vinatawanywa. Vikitawanywa, wasiwasi huanza. Tuliporudi kwenye basi rafiki yangu akawa kimya, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema hakuona tabu ya kuambiwa kwamba ni kawaida. Tabu yake ni kwamba kwa wiki tatu hakuna mtu aliyemwambia kwamba ni kawaida ya watu wembamba. Kama angejua kwamba yumo katika kundi hilo, asingekesha.

Sasa nije kwa dada yangu, maana yake ndiyo kesi ngumu. Dada yangu ana umri wa miaka 74. Ni mfupi, na mara ya mwisho mizani ilimpa kilo 42. Ana shinikizo la damu. Alikwenda hospitali fulani kwa sababu ya maumivu upande wa kulia wa tumbo, wakatafuta mawe katika nyongo, wakayakuta. Katika kupitisha kile kifaa tumboni waliupima na mshipa, kama ilivyo desturi. Karatasi ilisema: aota, sentimita 2.7. Chini yake ikasema: kawaida.

Mimi nilifundisha hesabu kwa miaka 31, na mtu wa namna hiyo akiona tarakimu hawezi kuiacha ipite bila kuisalimu. Kikomo kinachotumika duniani ni sentimita 3: aota ya tumboni ikifika hapo huitwa anyurizimu, yaani mshipa uliovimba. Lakini kikomo hicho kina historia. Mwaka 1991 kamati ya wapasuaji wa mishipa wa Marekani ilipendekeza kwamba mshipa uhesabiwe kuwa umevimba unapokuwa umetanuka kwa nusu zaidi ya upana unaotarajiwa kwa mtu huyo. Chukua sentimita 2, ongeza nusu yake, unapata 3. Hesabu ni rahisi na hakuna wa kuilaumu. Ila ile 2 ni ya nani? Kwa sehemu kubwa ni ya wanaume wazee wa Ulaya na Marekani, kwa sababu hao ndio waliougua zaidi na ndio waliopimwa zaidi. Tuseme mshipa wa dada yangu katika utu uzima wake ulikuwa sentimita 1.6, jambo lisilo ajabu kwa mwanamke wa umbo lake. Ongeza nusu: 2.4. Kwa kikomo cha sentimita 3 yeye ni mzima. Kwa kanuni iliyokizaa kikomo hicho, amekwisha kuvuka.

Hapo ndipo nilipoona kwamba usawa una sura mbili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba binadamu wote ni sawa, nami naliamini jambo hilo hadi leo, wala siyo kwa sababu nilifundisha shule za serikali. Lakini kuwapa watu wote kipimo kimoja si lazima kuwe ni kuwatendea sawa. Ukiwakatia wanafunzi wote sare za saizi moja, wote wamepata kitambaa kile kile; mmoja amevaa, mwingine amefunikwa. Kwa mshipa huu jambo si la mavazi tu. Wanawake huvimba mshipa huu mara chache kuliko wanaume, lakini ukishavimba hupasuka ukiwa na upana mdogo kuliko wa wanaume. Huko Uingereza, ambako tangu mwaka 2009 walianza mpango wa kuwaita watu wapimwe wanapofikisha miaka 65, wanaoitwa ni wanaume. Wana sababu zao za hesabu, tena si sababu mbaya. Hata hivyo mwanamke mmoja mwenye mshipa uliovimba hawezi kufarijiwa na uchache wa wenzake.

Kijana daktari niliyemwuliza hakunikasirikia. Alisema, "Mzee wangu, bila kikomo kazi haiendi. Nikimpima kila mtu kwa umbo lake, kwa umri wake na kwa mkoa wake, jioni itanikuta na wagonjwa watatu." Ni kweli. Kikomo ni chombo cha mtu mwenye foleni mlangoni. Tena alinionyesha jambo ambalo sikulijua, kwamba namba ya upasuaji nayo haikuchongwa na maumbile. Kwa wanaume ni sentimita 5.5. Mwaka 1998 Waingereza walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa wapatao elfu moja na tisini wenye uvimbe wa kati ya sentimita 4 na 5.5, waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya waliosubiri huku wakipimwa. Kwa hiyo ile namba ni mahali ambapo hatari ya kisu na hatari ya kupasuka hukaribiana kwenye mizani. Kisu kikiwa bora, namba ingesogea. Mpasuaji akiwa mbali kwa siku mbili za safari, nadhani namba ingesogea pia, upande mwingine.

Wengi wetu tukifika hapa huwa na jibu tayari mdomoni: basi tutengeneze kipimo chetu wenyewe. Tupime Wagogo, tupime Waafrika, tuache kuazima miili ya watu. Nililipenda jibu hilo kwa muda. Lina ukweli ndani yake, maana Profesa Julius Ogeng'o na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipofuatilia wagonjwa wa Kenya wenye uvimbe wa aota, waliwakuta wakiwa na umri mdogo kuliko tunavyosoma katika vitabu vya Magharibi. Anayemsubiri mgonjwa afikishe miaka 65 ndipo amtazame, huku kwetu huenda akamsubiri kaburini.

Lakini kipimo chetu kitatoka wapi? Kitatoka katika miili yetu jinsi ilivyo, na miili yetu imepitia mambo. Nilipokuwa mtoto katika nchi hii ya Ugogo, macho mekundu yenye usaha na nzi yalikuwa kawaida ya watoto. Hakuna aliyewapeleka popote. Bibi zetu walikuwa na kibano cha kung'olea kope, kwa kuwa trakoma ikishakomaa hukunja ukope kwa ndani na kope hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kibano kile kilikaa nyumbani pamoja na mwiko na ungo, chombo cha kawaida kwa taabu ya kawaida. Laiti mtu angekuja wakati ule kutengeneza jedwali la jicho la Mgogo kwa kutazama walio wengi, angeandika jicho jekundu. Ilihitajika watu waone kwamba jambo la wengi si lazima liwe jambo jema. Utafiti uliofanywa Kongwa, jirani zetu, ukaonyesha katika miaka ya 1990 kwamba kunawisha watoto nyuso pamoja na kuwatibu kulipunguza trakoma kali.

Na umbo lenyewe je? Wazee walitusimulia Mtunya, ile njaa iliyoifagia Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Njaa nyingine zimekuja baadaye, ndogo kwa hiyo, lakini mtoto anayekosa chakula katika miaka yake ya kwanza hafikii urefu aliokusudiwa. Kwa hiyo nikisema, "Dada yangu ni mdogo, kwa hiyo mshipa wake wa kawaida ni mdogo," huenda nasema kweli kuhusu mshipa huku nikiisamehe njaa. Kurekebisha hesabu kwa ajili ya umbo ni haki kwa mtu aliyekwisha kuwa na umbo hilo. Kulitangaza umbo hilo kuwa ndilo la kabila lake ni dhuluma kwa wajukuu zake.

Nijuavyo mimi, wapo waliowahi kulitatua fumbo hili kwa heshima, ingawa kwa watoto na si kwa mishipa. Shirika la Afya Duniani lilipotaka jedwali jipya la ukuaji wa watoto wadogo, halikuwapima watoto wowote tu. Lilichagua watoto walionyonyeshwa, wa kina mama wasiovuta sigara, waliolelewa bila uhaba, katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Jedwali lilitoka mwaka 2006. Watoto wa Accra na wa Muscat walikua karibu sawa na wa Oslo. Walichouliza hakikuwa jinsi watoto wanavyokua, bali jinsi mtoto anavyokua asipozuiwa. Kwa aota hatujapewa zawadi kama hiyo, wala sioni itakavyotolewa kwa urahisi, kwa sababu mtu mzima huja kwenye kipimo akiwa na miaka yake yote mgongoni. Utamtoa wapi mzee wa miaka 74 ambaye hakuzuiwa na kitu?

Mimi naona kwamba mwenzi wa haki wa kumlinganisha mtu ni mtu huyo huyo, jana yake. Sentimita 2.7 ya dada yangu ina maana ndogo ikisimama peke yake. Ingekuwa na maana kubwa kama tungejua alikuwa na ngapi miaka kumi iliyopita, na itakuwa na maana tukijua atakuwa na ngapi baadaye. Wapo wataalamu wanaouita upana wa kati ya 2.5 na 2.9 hali ya katikati, wakashauri upimwe tena. Wenye fikra hiyo naungana nao. Lakini angalia, msomaji: kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe kunadai daftari linalotunzwa, nauli ya pili, na mpimaji anayeweka alama zake mahali pale pale. Wengine hupima kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, wengine kutoka ndani hadi ndani, na tofauti ya hao wawili huweza kufika milimita 3 au zaidi. Mkononi mwa hao wawili mtu yule yule huweza kuugua na kupona bila kuondoka kitandani.

Ilibaki kama nimwambie. Jamaa mmoja, mcha Mungu na mwenye busara, alinishauri nisimsumbue bibi wa watu kwa jambo ambalo pengine halitamfikia kamwe. Nililipima shauri hilo kwa siku kadhaa. Albert Einstein aligunduliwa uvimbe wa mshipa huu huu. Mwaka 1948 mpasuaji Rudolf Nissen aliuzungushia karatasi ya selofani ili ukuta ukomae, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na njia ya kuubadilisha. Aliishi akijua, akafanya kazi yake, na ulipopasuka mwaka 1955 akakataa kisu akafa kwa utulivu akiwa na miaka 76. Uamuzi ule ulikuwa wake kwa sababu habari ilikuwa yake. Ningeficha kwa dada yangu, ningekuwa nimejitwalia kitu kilichomo tumboni mwake.

Nilimweleza chini ya mti, kwa mfano wa tyubu ya baiskeli iliyodhoofika upande mmoja, jinsi inavyotuna pale pale ukizidi kuijaza upepo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. "Yaani mdogo wangu, mshipa umenenepa mimi nikabaki hivi hivi?" Baadaye akauliza swali la maana kuliko yote niliyoyaandika hapa: akijua, atafanya nini kesho ambacho leo hafanyi? Nikamwuliza kuhusu dawa zake za presha. Ikadhihirika kwamba huzimeza siku kichwa kinapouma, na zinazobaki humgawia jirani. Nikamwambia basi hilo ndilo la kesho.

Amezimeza kila siku mwaka mzima. Mjukuu wake humhesabia. Mwezi uliopita tulikwenda kupima tena, mahali pale pale ingawa kwa daktari mwingine. Ilisoma 2.8. Daktari huyu hakuandika kawaida wala si kawaida. Aliandika namba, tarehe, na tarehe ya kurudi. Njiani dada aliishika ile karatasi kwa muda mrefu, akanitaka nimweleze ukubwa wa milimita moja. Nikamwonyesha ukucha wangu, unene wake. Akautazama.

"Sasa hii," akasema, "imeongezeka kwangu, au imeongezeka kwa daktari?"

Nikamweleza kwamba kwa tofauti ndogo kiasi hicho huwezi kuutenga mshipa na mkono wa mpimaji. Akaikunja karatasi mara nne, akaifunga katika ncha ya kanga pamoja na nauli, akaniuliza kama nimekumbuka kumchukulia dawa za mwezi huu.